Juu Kavu, Ndani Maji: Mafunzo ya Safari ya Jangwani Kaskazini mwa Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba aisifuye mvua imemnyea. Nami nathubutu kuongeza kwamba anayetaka kuijua thamani ya mvua na aende mahali isikonyesha. Mwanzoni mwa mwezi wa Juni 2024, mimi na rafiki yangu tulifunga safari ya siku 11 kwa gari na kwa miguu, tukilala ndani ya hema, hadi kaskazini mwa nchi yetu. Tulizuru mbuga ya taifa ya Marsabit, tukalivuka jangwa la Chalbi, tukaingia katika mbuga ya Sibiloi kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, kisha tukashuka hadi Loiyangalani, mkabala na mbuga ya Kisiwa cha Kusini.

Makala haya yana malengo matatu. Kwanza, yanaeleza jinsi jangwa lile lilivyotokea na jinsi linavyofanya kazi. Pili, yanaeleza namna msafiri anavyopaswa kujiandaa na kujistahi akiwa huko. Tatu, yanajaribu kuonyesha kile ambacho mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kukipata mahali ambapo, kwa mawazo ya wengi wetu, hakuna kitu. Lengo hili la tatu sikuwa nalo nilipoondoka Nairobi. Nilifunzwa njiani, tena kwa gharama, kama msomaji atakavyoona.

Ni vyema nimtaje mwenzangu angaa kidogo. Yeye ni mzaliwa wa Lamu na ni mwanafunzi wa jiolojia. Mimi nililelewa katika nyanda za juu za kati, ambako mtoto hukua akiamini kwamba kila ardhi ni nyekundu na kila asubuhi ina umande. Yeye huniita "Mwalimu" kwa mzaha, nami humwita "Bwana Mawe". Tofauti hii ya malezi na ya masomo ilitufaa sana, kwani kila mmoja wetu aliona ambacho mwenzake hakukiona.

Jangwa ni nini?

Wanajiografia huliita eneo jangwa iwapo mvua inayonyesha huko haizidi takriban milimita 250 kwa mwaka. Nyanda za chini zilizo baina ya mlima Marsabit na Ziwa Turkana hupata chini ya kiwango hicho. Ajabu ni kwamba nyanda hizi hazipo mbali sana na Ikweta, mahali ambapo tungetarajia misitu. Je, kwa nini pakawa pakavu?

Jibu moja kubwa ni upepo. Kati ya milima ya Uhabeshi kwa upande wa kaskazini na nyanda za juu za Kenya kwa upande wa kusini pana mwanya mpana ulio chini. Upepo utokao Bahari Hindi huingia katika mwanya huo na kubanwa pande zote mbili. Kama ilivyo kwa maji yanayopitishwa katika mfereji mwembamba, upepo unapobanwa huongeza kasi. Hewa hiyo hupita mbio bila ya kupanda juu ikapoa na kufanya mawingu mazito, na kwa hivyo unyevu wake huchukuliwa kwingineko. Upepo huu ndio unaozungusha mitambo 365 ya kuzalisha umeme iliyosimamishwa Sarima, karibu na Loiyangalani, mradi uliozinduliwa rasmi mwaka 2019.

Tulipousikia upepo huo kwa mara ya kwanza ukivuma kutoka kusini-mashariki, mwenzangu alisimama, akanyoosha uso, akasema, "Mwalimu, hii ni kusi!" Alikuwa amesema kweli. Mwezi wa Juni ni majira ya kusi, na upepo uliowarudisha mabaharia wa majahazi makwao tangu enzi za mababu ndio huohuo unaopenya hadi Turkana. Mimi nilikuwa nimelisoma neno hilo katika mashairi kwa miaka mingi, nikalifafanulia wanafunzi wa sekondari mara nyingi, lakini nilikuwa sijawahi kuupigwa uso wangu nalo.

Matayarisho

Jangwa halimwadhibu mtu kwa kuwa mgeni. Humwadhibu kwa kutojiandaa. Kwa manufaa ya wasomaji watakaotamani kufuata njia hiyo, nitataja mambo machache ya lazima.

Jambo la kwanza ni maji. Mtu anayefanya kazi kwenye joto kali anaweza kutokwa na jasho la lita moja kwa saa. Sisi tulijiwekea kipimo cha lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na maji ya kupikia na ya gari. Tulibeba mitungi 6 ya lita 20. Funzo tulilolipata ni kwamba maji yasiwekwe yote katika chombo kimoja. Mtungi wetu mmoja ulisuguliwa na chuma cha jeki kwenye barabara ya mawe baada ya Marsabit, ukatoboka na kumwaga maji yote bila sisi kujua. Lau tungekuwa na pipa moja, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yetu.

Jambo la pili ni gari. Barabara ya lami kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, iliyokamilika katika miaka ya 2010, imeufanya mji wa Marsabit ufikike kwa siku moja kutoka Nairobi. Hata hivyo, lami hiyo humdanganya msafiri. Pindi aiachapo, ataingia katika mawe ya volkeno, mchanga na matope ya magadi. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne ni la lazima, pamoja na magurudumu mawili ya akiba, pampu ya hewa, sepetu, kamba nene na ubao wa kuwekea jeki ili isizame mchangani. Mafuta yajazwe Marsabit, na mengine yabebwe.

Jambo la tatu ni kambi. Vigingi vya kawaida vya hema havishiki kwenye mchanga, nasi usiku wa kwanza tulilifukuza hema letu kama watoto wafukuzao kishada. Tangu hapo tulifunga kamba za hema kwenye mawe makubwa. Aidha, msafiri asipige kambi kamwe ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini na miti yake ina kivuli. Mvua ikinyesha milimani, mbali kabisa na upeo wa macho, maji huteremka kwa ghafla usiku chini ya anga yenye nyota. Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa sababu ya nge. Miti isikatwe kwa ajili ya kuni. Jiko dogo la gesi latosha.

Mwisho ni usalama. Eneo hilo limewahi kushuhudia mapigano baina ya jamii na wizi wa mifugo. Msafiri hana budi kupiga ripoti katika kituo cha polisi na kwa maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, kuuliza hali ya njia, na kumwachia mtu ratiba yake. Zaidi ya hayo, awaulize wenyeji. Kanuni hii ya mwisho ndiyo niliyoivunja.

Marsabit: msitu ndani ya ukame

Mlima Marsabit ni volkeno kuukuu iliyochomoza katikati ya nyanda kavu. Hewa ile inayopita nyandani bila kuacha kitu hulazimika kupanda inapoukuta mlima, na inapopanda hupoa na kuwa ukungu. Ukungu huo hunasa katika majani na katika ndevu za kuvu zinazoning'inia mitini, ukadondoka tone baada ya tone. Haba na haba hujaza kibaba: msitu mzima unaishi kwa matone hayo, na visima vya watu walio chini ya mlima hutegemea msitu huo.

Tulitembea na askari wa mbuga hadi ukingo wa shimo la volkeno ambalo ndani yake mna ziwa. Wenyeji huliita shimo la namna hiyo "gof". Hapo ndipo alipoishi Ahmed, ndovu aliyesifika kwa pembe zake ndefu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Ahmed alikufa mwaka 1974 kwa uzee, si kwa risasi, na sanamu yake ipo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Asubuhi yake tulivaa masweta. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumeteremka Maikona, na mpini wa mlango wa gari haukushikika kwa joto.

Chalbi: kisa cha kukwama

Jina Chalbi huelezwa kuwa na maana ya mahali patupu penye chumvi. Hapo zamani, maelfu ya miaka iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi, palikuwa na ziwa. Ziwa lilipokauka liliacha sakafu bapa ya udongo wa mfinyanzi na magadi. Katika kiangazi sakafu hiyo huwa ngumu na nyeupe. Baada ya mvua, maji yateremkayo kutoka Milima ya Huri na kwingineko hukusanyika humo kwa kuwa hayana pa kutokea. Jua hukausha sehemu ya juu kwanza, ikawa kama gamba la mkate, ilhali chini yake mna matope.

Haya yote mwenzangu alinieleza baadaye, wakati ambapo maelezo hayakuwa na faida tena. Tulipofika Maikona tulimkuta mzee mmoja ameketi kivulini. Mwenzangu alimwamkia kwa "Asalaam aleikum," naye akaitikia. Tulipomuuliza njia ya Kalacha, mzee alichora mstari mavumbini kwa bakora, ukaenda ukizunguka kando. "Fuata alama ya lori," alisema. "Katikati hapana."

Tulimshukuru, tukaondoka. Mimi ndimi niliyekuwa usukani. Baada ya muda niliona jinsi njia ya malori ilivyopinda na jinsi uwanda ulivyonyooka mbele yetu, mweupe na mkavu kama karatasi. Ramani niliyokuwa nayo ilionyesha kwamba kukata katikati kungetupunguzia mwendo. Mwenzangu alinikumbusha maneno ya mzee. Nilimjibu kwamba mzee alikuwa akizungumzia msimu wa mvua. Ukweli ni kwamba sikuyatia maanani maneno yenyewe kwa kuwa yalikuwa machache na yalikuwa, kwa sikio langu la shuleni, mabovu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kilomita chache tu baadaye gari lilipunguza mwendo lenyewe, likainama, likakaa juu ya tumbo lake. Ilikuwa saa tano na nusu ya asubuhi.

Tulichimba kwa sepetu hadi saa saba. Kila tulipotoa matope, mengine yalirudi. Mwenzangu aliacha kuchimba, akanitaka nami niache, kwa kuwa tulikuwa tukilipia kila sepetu ya matope kwa maji ya miili yetu. Tulitandaza turubai ubavuni mwa gari tukajilaza chini yake. Tulihesabu maji: mitungi minne na nusu. Hapo ndipo nilipoona miti.

Ilikuwa upande wa magharibi, mistari ya mikoma, na mbele yake maji yanayometameta. Nilisimama nikamwambia mwenzangu kwamba ile ni Kalacha, kwamba si zaidi ya saa moja kwa miguu, na kwamba ningekwenda kutafuta msaada kisha nirudi kabla ya jua kutua. Yeye hakuinuka. Alisema taratibu, "Ndugu yangu, hayo ni mazigazi. Hakuna atakayeliacha gari hili." Nilimwambia kwamba maji huenda yakawa mazigazi lakini miti ni miti. Tulibishana. Nakiri kwamba nilimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa, na kwamba nilikuwa nimekwisha kuchukua chupa ya maji na kofia. Alishuka kutoka kwenye turubai, akanishika mkono, akasema, "Ukienda, nitalazimika kukufuata, na mama zetu wote wawili watalia." Nikaketi.

Nifafanue kidogo kuhusu mazigazi, kwa kuwa neno hili tunalitumia sana kama sitiari bila kulijua. Ardhi inapopata moto sana, hewa iliyo karibu nayo huwa nyepesi kuliko ile ya juu. Mwanga unaotoka angani hupinda unapopita katika matabaka hayo mawili na kulifikia jicho kana kwamba umetoka ardhini. Basi unachokiona si maji bali ni kipande cha anga kilichowekwa chini. Kitu cha kweli kilicho mbali, mfano mti au jiwe, huweza kuonekana kimeinuka na kurefuka. Jicho halina kosa lolote. Kosa ni la akili inayolitafsiri.

Kabla ya saa kumi na moja jioni walitokea vijana wawili wakichunga ngamia. Walilizunguka gari mara moja bila ya kuharakisha. Kisha mmoja akapiga ardhi kwa kisigino na kusema, "Hapa juu kavu, ndani maji. Gari yako mzito." Hatukuwa na la kuongeza. Walituamuru tushushe mizigo yote, tulegeze hewa ya magurudumu hadi yabonyee, kisha tuchimbe nyuma ya magurudumu badala ya mbele, kwa kuwa gari lililoingia matopeni hutoka kwa njia iliyoingilia. Walitandaza turubai letu na ubao wa jeki chini ya magurudumu. Jua lilipokuwa linatua gari lilipanda juu ya gamba gumu, kinyumenyume, hadi kwenye alama za malori.

Nilimuuliza yule kijana Kalacha iko upande gani. Alinyoosha mkono kaskazini. Nilimwonyesha magharibi, kule nilikoona miti, akatikisa kichwa na kusema, "Huko hakuna kitu." Walikataa pesa. Waliomba majani ya chai na sukari, tukawapa tulichokuwa nacho. Usiku ule, tukiwa tumepiga kambi karibu na chemchemi za Kalacha, nilimwomba mwenzangu radhi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama chai ilikuwa imebaki yoyote.

Sibiloi: ardhi inayotunza nyayo

Kutoka Kalacha tulipita North Horr, na safari hii tulichukua mwenyeji wa kutuongoza. Mbuga ya Sibiloi ilianzishwa mwaka 1973 na ina ukubwa wa kilomita mraba 1,570. Pamoja na Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, mbuga hii imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu miaka ya 1997 na 2001. Wanyama si wengi wala hawana kiburi cha Maasai Mara. Tuliona choroa wachache, pundamilia na mamba ufuoni. Umaarufu wa mahali hapa umo chini ya ardhi.

Mwaka 1968 Richard Leakey alianza utafiti Koobi Fora, na mwaka 1972 Bernard Ngeneo aligundua vipande vya fuvu lililopewa nambari 1470, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.9. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba karibu na Ileret, kaskazini mwa mbuga, zimepatikana nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Walikanyaga matope, matope yakafunikwa na mchanga kabla ya kuharibika, na mashapo yakaongezeka juu yake. Katika mbuga tulitembea asubuhi kati ya magogo ya miti yaliyogeuka mawe: maji yenye madini yalipenya ndani ya mbao, na chembe ya jiwe ikashika nafasi ya chembe ya mti, hata mistari ya gamba bado yaonekana. Tuliona pia visukuku vya kobe mkubwa, vya tembo na vya mamba vikiwa palepale vilipopatikana.

Mwenzangu aliwahi kunieleza haya yote chuoni, nami niliyasikia kama hadithi. Lakini baada ya Chalbi nilielewa kwa mwili wangu namna matope yanavyoshika na kutoachilia.

Jina Koobi Fora nalo huelezwa kuwa limetokana na miti itoayo manemane. Mwongozaji wetu alikwangua utomvu kwenye kichaka chenye miiba akampa mwenzangu, naye akaunusa akacheka. Harufu ile aliijua tangu utotoni, kutoka vyetezoni mwa nyumba za Lamu, ila hakuwa amewahi kukutana na mti wenyewe.

Ziwa na kisiwa

Ziwa Turkana lina urefu wa takriban kilomita 250 na hutajwa kuwa ziwa kubwa zaidi la kudumu duniani lililo jangwani. Halina mto unaotoka. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yaingiayo hutoka mto Omo wa Uhabeshi, na jua hunyonya zaidi ya mita 2 za kina kila mwaka. Chumvi na magadi hubaki. Mwenzangu, ambaye hakosi methali ya bahari, alisema kwamba ziwa hili limempa maana mpya ya mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Omo la chombo na Omo la mto hazina uhusiano wowote, bila shaka, lakini tulicheka.

Hapo kale ziwa lilikuwa juu zaidi na maji yake yalimwagikia mto Nile. Ndiyo sababu hadi leo mna mbuta na mamba wa Nile. Wasiwasi wa sasa ni mwingine. Bwawa la Gibe III kwenye mto Omo lilizinduliwa mwaka 2016, na mwaka 2018 UNESCO iliziweka mbuga za ziwa hili katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu hapo kumekuwa na miaka ambayo maji yamepanda na kumeza fuo. Kwa mvuvi, kupanda na kushuka kote huko ni msiba iwapo hakutabiriki.

Tulitamani kuvuka hadi Kisiwa cha Kusini. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha na mawimbi yalikuwa meupe. Mwenye mashua alilitazama ziwa, akasema neno moja tu: "Leo hapana." Mwaka 1934, wanasayansi wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka hadi kisiwa hicho na hawakuonekana tena. Mwenzangu alinitazama kuona nitasema nini. Nilisema, "Ahsante, mzee," tukakunja shughuli na kukitazama kisiwa kutoka ufuoni.

Lugha na jangwa

Katika kazi nyingi za fasihi nilizosoma, jangwa ni sitiari ya ukosefu: moyo usio na pendo, nchi isiyo na uongozi, akili isiyo na elimu. Sisi wasomi tumeizoea sitiari hiyo mpaka tumedhani ni maelezo. Kiswahili kilizaliwa pwani, na hazina yake ya maneno ya upepo, maji na vyombo haina mfano. Lakini Kiswahili hakikukaa pwani. Msafara wa Teleki na von Höhnel uliofika kwenye ziwa hili mwaka 1888, ukalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme ambaye hakuwahi kulitia machoni, uliwategemea wapagazi wa pwani na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Ina maana kwamba Kiswahili kilisemwa ufuoni pale muda mrefu kabla ya ziwa kupewa jina la Turkana mwaka 1975.

Leo Mgabra, Mrendille, Msamburu, Mturkana na Mdassanech wakikutana sokoni Loiyangalani, aghalabu hukutana katika Kiswahili. Ni Kiswahili chenye upatanisho wake wa kisarufi na msamiati wake, "laga" na "gof" yakiwemo. Hapohapo Loiyangalani wanaishi Waelmolo, ambao lugha yao ya asili imekufa na sasa wanasema Kisamburu. Lugha ikifa, elimu ya mahali iliyokuwa ndani yake hutafuta lugha nyingine ya kukalia, la sivyo hupotea nayo. Iwapo sehemu ya elimu hiyo imekuja kukaa katika Kiswahili, na sisi tunaikataa kwa kuwa haikufuata ngeli, basi hasara ni yetu.

"Juu kavu, ndani maji. Gari yako mzito." Kauli hiyo ingeletwa kwangu katika karatasi ya mtihani, ningeitia wino mwekundu. Lakini ndani yake mna jiolojia ya Chalbi, sababu ya kukwama kwetu na njia ya kutoka. Vilevile, "Katikati hapana" lilikuwa onyo timilifu. Sisemi kwamba usanifu hauna maana. Makala haya yenyewe yamejitahidi kuufuata. Nasema kwamba masikio yangu yalikuwa yamefunzwa kusikia kosa kabla ya kusikia maana, na kwamba kwa sababu hiyo nilikaribia kumpoteza rafiki.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba jangwa la kaskazini limeumbwa na upepo, milima na ziwa lililokauka. Kwamba msafiri hujiokoa kwa maji yaliyogawanywa, kwa subira na kwa kutoliacha gari. Na kwamba mwenye kujua njia ni yule anayeishi hapo, kwa lugha yoyote atakayoitumia kutueleza. Napendekeza wanafunzi wenzangu, hasa wanaosaka mada za tasnifu, wafikirie kukusanya msamiati na simulizi za Kiswahili cha Marsabit, Loiyangalani na North Horr. Wakienda, wabebe daftari, mitungi kadhaa ya maji, na majani ya chai ya kutosha kuwapa watu.

Mwongozaji wetu alituambia kwamba alama za magurudumu yaliyozama Chalbi huweza kukaa kwa muda mrefu, hadi mafuriko mengine yatakapokuja. Basi zangu huenda bado zipo, zimepinda kutoka njia ya malori kuelekea katikati, na atakayezipita atajua vyema asizifuate.